Fildi ya Mwanafunzi wa Kiingereza Isiishie Masijala

Kila mwaka wa masomo unapoelekea ukingoni, vyuo vikuu vya Tanzania hutoa barua nyingi zenye maneno yaleyale: mwenye barua hii ni mwanafunzi wetu, tunaomba umpatie nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa uuguzi anajua pa kuipeleka. Wa sheria ataipeleka mahakamani au kwa mawakili, na wa ujenzi ataipeleka kwa mkandarasi. Aliyesoma Kiingereza, iwe isimu au fasihi, hubaki nayo mkononi akiuliza marafiki nani ana ndugu katika ofisi gani. Mwishowe ofisi hupatikana. Kwa kuwa ofisi hiyo haijui imfanyie nini mtu wa lugha, humpeleka masijala apange mafaili, atoe fotokopi na kupokea wageni. Wiki zikiisha msimamizi anajaza fomu kwamba kijana ana nidhamu na anawahi kazini, mhuri unagongwa, alama zinaingia chuoni. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyejifunza kitu. Mtu wa lugha hujifunza kazi pale anapokabidhiwa andiko la kweli, likasahihishwa mbele yake na mtu anayeijua kazi hiyo, kisha likawafikia wasomaji wanaolihitaji. Fildi isiyo na mambo hayo, hata ikifanyika katika jengo la ghorofa ishirini, ni wiki zilizopotea, na idara inayoihesabu kuwa ni maandalizi ya ajira inajipunja yenyewe.

Idara za Kiingereza hazina mahali pake pa fildi kwa sababu ya kihistoria. Zilizaliwa wakati kazi ilimsubiri mhitimu mlangoni. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, nchi changa ilihitaji walimu wa sekondari, maofisa wa balozi, watangazaji na makatibu wa wizara, na shahada yenyewe ilitosha kuwa cheti cha kuingilia. Hata mjadala maarufu wa Nairobi wa mwaka 1968, pale wanazuoni Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha huko ivunjwe na mahali pake ikae idara inayoiweka Afrika katikati, ulihusu vitabu gani visomwe na visomwe kwa jicho la nani. Lilikuwa swali kubwa na walilijibu kwa ujasiri. Swali la mhitimu atafanya kazi gani halikuwasumbua, kwa kuwa wakati ule halikumsumbua mtu. Leo nafasi za ualimu zikitangazwa waombaji huzizidi mara nyingi, serikali haichukui tena kila mwenye shahada, na bado idara nyingi zinamwandaa mwanafunzi kana kwamba mlango ule ungali wazi.

Mfano wa kufanya vingine tunao hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida dogo lililoitwa Penpoint. Wanafunzi waliandika humo, wakahaririana, na walioandika vizuri wakachapwa. Ngũgĩ, wakati huo akiitwa James Ngugi, alichapisha humo baadhi ya hadithi zake za mwanzo na akawa mmoja wa wahariri wake. Akiwa bado mwanafunzi alianza pia kuandika makala kwenye magazeti ya Nation ya Nairobi, ambako makala ina siku ya kufika na ina urefu wake, na mwandishi akichelewa nafasi yake inachukuliwa na tangazo la sabuni. Dar es Salaam nayo ilikuwa na jarida lake la wanafunzi, Darlite, katika miaka hiyo ya 1960. Mwaka 1965 mhadhiri David Cook alikusanya maandishi ya Makerere kuwa kitabu, Origin East Africa, kilichotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Heinemann. Hakuna haja ya kutia chumvi kwamba jarida ndilo lililomzaa Ngũgĩ. La kuzingatia ni kwamba idara yenye fedha kidogo, isiyo na ofisi ya ajira wala mshauri wa wasifu, iliwapa vijana wa miaka ishirini na kidogo mambo matatu ambayo masijala haiwezi kuwapa: kazi yenye jina lao, msahihishaji, na msomaji asiyekuwa mtahini. Mchapishaji wa Kenya Henry Chakava, aliyesoma fasihi na falsafa Nairobi, aliingia Heinemann ya Afrika Mashariki mwaka 1972 kama mhariri chipukizi, na muongo haukwisha kabla hajaiongoza kampuni hiyo, ambayo baadaye ilikuja kuwa East African Educational Publishers. Uhariri aliufundishwa na miswada ya watu wengine, mezani.

Wamarekani, ambao wameifanya fildi ya wanafunzi kuwa mfumo, wana ushahidi wa kutosha wa uzuri wake na wa ubaya wake. Katika miaka ya 1950 jarida la wanawake Mademoiselle lilikuwa likichagua kila kiangazi wasichana wa vyuo, likiwaleta New York na kuwafanya wahariri waalikwa wa toleo la Agosti. Sylvia Plath, aliyekuja kuwa mshairi, alikuwa miongoni mwao mwaka 1953, na mwandishi Joan Didion mwaka 1955. Plath aliondoka na majeraha ya moyo ambayo baadaye yaliingia katika riwaya yake, kwa hiyo tusiipambe hadithi hii kupita kiasi. Didion alihitimu Kiingereza chuoni Berkeley mwaka 1956, akashinda shindano la jarida la Vogue, akaajiriwa huko, ambako kazi yake ilikuwa pamoja na kuandika maelezo mafupi ya picha. Mhariri wake, Allene Talmey, alikuwa akimtaka aandike maneno mia tatu au mia nne juu ya kitu kimoja, kisha ayapunguze hadi yabaki hamsini. Fikiria kazi hiyo kwa mtu aliyetoka kusifiwa chuoni kwa insha za kurasa kumi. Insha ya chuo hulipwa kwa urefu na kwa kuonyesha umesoma vingi; ukurasa wa jarida hulipwa kwa neno lililobaki baada ya mengine kukatwa. Hakuna mhadhara unaofundisha hilo, na hakuna anayeweza kujifundisha peke yake, kwa sababu kila mwandishi anaona maneno yake yote ni ya lazima mpaka mwenye mkasi atokee.

Nafasi za aina hiyo zilikuwa za wachache waliochaguliwa. Zilipoenezwa kwa wengi ndipo ubaya ulipojitokeza. Mwaka wa masomo 1970–71 vyuo vya Marekani vilitoa karibu shahada za kwanza 64,000 za Kiingereza. Miaka hamsini baadaye hazikufika 40,000, ingawa idadi ya shahada zote nchini humo ilikuwa imezidi mara mbili. Wazazi waliogopa, wanafunzi wakahamia biashara na kompyuta, na idara za Kiingereza zikaanza kuwatafutia vijana wao nafasi popote pale, mara nyingi bila malipo, ili ziweze kuonyesha kwamba shahada yao inaelekea kazini. Waajiri wakagundua kwamba kijana asiyelipwa ni rahisi kuliko karani. Vijana wawili waliofanya kazi za bure katika utengenezaji wa filamu ya Black Swan walikwenda mahakamani mwaka 2011 wakidai kuwa walichofanya kilikuwa kazi ya mwajiriwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyopo New York ilitoa kipimo kinachostahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya mafunzo kwa vitendo: kati ya mwanafunzi na mwenye ofisi, ni nani anayefaidika zaidi? Ili kujibu, mahakama ilitaka kuangaliwa kama kazi inahusiana na masomo, kama inafuata ratiba ya chuo, na kama mwanafunzi anawasaidia waajiriwa au anawanyang'anya nafasi zao. Wizara ya Kazi ya Marekani ilikipokea kipimo hicho mwaka 2018.

Kuna takwimu moja ya huko inayonukuliwa sana na inayohitaji kusomwa kwa uangalifu. NACE, chama kinachounganisha vyuo na waajiri, kiliwauliza wahitimu wa mwaka 2019, na kikakuta kwamba kati ya waliofanya mafunzo ya kulipwa, karibu wawili kati ya watatu walipata ofa ya kazi, ilhali waliofanya bila malipo hawakufika nusu. Mtu anaweza kusema kwamba malipo si sababu. Kampuni zenye fedha ndizo zinazolipa, na ndizo hizohizo zenye nafasi za kuajiri. Pingamizi hilo ni la haki, na huenda linaeleza sehemu kubwa ya tofauti. Ila kuna sehemu halielezi. Mwenye ofisi anayetoa posho hata ndogo huuliza mwisho wa wiki fedha zake zimezaa nini, na ili zizae lazima ampe kijana kazi yenye uzito na amtazame anavyoifanya. Anayepata mtu wa bure hana sababu ya kuuliza. Kwa mantiki hiyo posho ni haki ya kijana, na pia ni kamba inayomfunga msimamizi kwenye wajibu wake.

Malipo peke yake hayatoshi, na Kenya imetuonyesha hilo. Kuanzia mwaka 2023 Tume ya Huduma za Walimu iliwachukua maelfu ya walimu wa sekondari msingi kama wanagenzi, miongoni mwao walimu wa Kiingereza na fasihi, kwa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Watu hawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, na walibeba vipindi kama mwalimu yeyote. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kuwachukua kwa mtindo huo. Mwezi uliofuata walimu hao walikuwa barabarani wakidai ajira ya kudumu. Ukiweka kipimo cha mahakama ya New York juu ya mkasa huu, jibu halihitaji wakili. Darasa lililohitaji mwalimu ndilo lililofaidika, na mwalimu alibaki akiitwa mwanagenzi. Uanagenzi wa namna hiyo ni ajira yenye mshahara uliopunguzwa, na kuuita maandalizi ni kuwadharau waliokwisha kuandaliwa.

Tanzania ipo katikati. Mwaka 2017 serikali ilitoa miongozo ya kitaifa ya mafunzo ya uzoefu kazini, na huduma ya ajira ya serikali, TaESA, huwaunganisha wahitimu na waajiri. Bodi ya Mikopo nayo inayo mafunzo kwa vitendo katika orodha ya mambo inayoyagharamia, hivyo mwenye mkopo huo walau anapata nauli ya daladala na chakula cha mchana. Asiye na mkopo, na ambaye kwao ni Kigoma wakati nafasi ipo Dar es Salaam, hana budi kutafuta ofisi iliyo karibu na ndugu wa kumlaza. Ndiyo maana nafasi nzuri za uandishi na uhariri, ambazo zimerundikana Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, huishia mikononi mwa waliokwishakuwa na nyumba huko. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha vyuoni, na linawaumiza wanafunzi wa lugha kuliko wengine: hospitali ya wilaya ipo karibu kila wilaya, nyumba ya uchapishaji haipo.

Hapo ndipo swali linakuja: maandishi hayo ya kweli yatoke wapi, kama wachapishaji ni wachache? Yanatoka kila mahali, na kwetu ni mengi kuliko ya London, kwa sababu hapa karibu kila andiko muhimu linatakiwa mara mbili. Kwa miongo mingi Bunge la Tanzania lilijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na mlima wa sheria na kanuni, nyingine za tangu ukoloni, ukawa unahitaji watafsiri. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi Agosti 2019. Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina lugha rasmi mbili, na Bunge lake hufanya shughuli kwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa hiyo kumbukumbu zake rasmi zinahitaji wahariri wanaosikia lugha zaidi ya moja. Mwanafunzi wa Kiingereza anayekidharau Kiswahili amejikata mguu mmoja kabla ya mbio kuanza, na idara inayomwacha amalize miaka mitatu bila kutafsiri kurasa hata ishirini chini ya usimamizi imeshiriki kosa hilo.

Chukua benki, au chama cha akiba na mikopo, mahali ambapo hakuna anayefikiria kumpeleka mtu wa fasihi. Mteja hutia saini mkataba wa mkopo ambao mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Haelewi kifungu cha riba ya kuchelewa, haelewi dhamana inauzwa lini. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma shairi gumu mstari kwa mstari, akauliza kila neno linafanya kazi gani na nani anazungumza na nani, ana uwezo hasa wa kuandika maelezo ya kurasa mbili yatakayoeleweka na mama anayeuza samaki katika soko la Feri. Ataandika rasimu, mwanasheria wa benki atamwambia hapa umebadilisha maana, ofisa mikopo atamwambia hapa wateja watauliza, ataandika upya, labda mara nne. Mwisho wa fildi kuna karatasi inayotumika kaunta. Kijana huyo akiitwa kwenye usaili mwaka unaofuata hatajieleza kwa sifa za "mchapakazi anayejituma" ambazo zimejaa kwenye kila wasifu. Ataiweka karatasi mezani. Ndivyo ilivyo pia kwa maandiko ya miradi ya asasi zisizo za kiserikali, ripoti za wafadhili, tovuti za kampuni za utalii, maelezo ya matumizi ya dawa na manukuu ya filamu.

Walimu wa fasihi wana pingamizi lao, na si la kupuuzwa. Watasema chuo kikuu si wakala wa ajira. Mtu husoma riwaya ili aelewe binadamu, na ukianza kumpima kwa karatasi za kaunta umeua kilichomleta. Wakisema hivyo dhidi ya mtindo wa kuongeza kozi za ujasiriamali na kupunguza vitabu, wana haki, na makala haya yapo upande wao. Kumwondolea mwanafunzi riwaya ili apate somo la kuandika wasifu ni kumnyang'anya kilicho adimu na kumpa anachoweza kujifunza kwa jioni mbili. Fildi ya maandishi, hata hivyo, haipunguzi fasihi. Inautumia usomaji makini uleule, juu ya andiko ambalo kosa lake lina gharama. Isitoshe, hoja ya kwamba elimu ni kwa ajili ya nafsi ni rahisi kutamkwa na mwenye mshahara. Mwanafunzi aliyekopa ili asome anayo haki ya kuuliza mkopo utarudishwaje.

Pingamizi la pili ni jipya: akili unde sasa inaandika barua, inatafsiri na inafupisha ripoti kwa sekunde chache, kwa nini tuwafundishe vijana kazi inayozikwa? Kuna ukweli mchungu ndani yake. Kazi ndogondogo zilizokuwa ngazi ya kwanza ya mhariri chipukizi, kama kufupisha, kuandika rasimu ya tangazo na kusahihisha tahajia, ndizo mashine inazozifanya kwa wepesi zaidi. Ngazi ya chini imeng'olewa. Lakini mashine ikitafsiri mkataba au kanuni kwa Kiswahili, lazima awepo mtu wa kusema kifungu hiki hakimaanishi hivi, na atie saini yake chini ya kauli hiyo. Mtu huyo hapatikani kwa kusoma maelezo ya programu. Anapatikana kwa kusahihishwa sana mapema, mpaka awe na sikio la kulishtukia neno lisilokaa sawa. Kwa hiyo fildi yenye msahihishaji imezidi kuhitajika, na kwa bahati mbaya waajiri wataitoa kwa shida zaidi, kwa sababu hawamhitaji tena kijana wa kupiga rasimu. Vyuo vitalazimika kuigharamia vyenyewe kwa sehemu.

Na je, nani ana muda wa kusahihisha? Wenye ofisi watasema hawana, na wengi wao kweli hawana. Fundi cherehani naye hana muda, ila anajua kwamba mwanafunzi wake asiposhonewa mbele ya macho na kufumuliwa mshono mbovu hatamfaa kitu. Njia ya busara ni kupunguza ukubwa wa jambo. Badala ya mwanafunzi kukaa ofisini wiki nane akitafutiwa shughuli, ofisi itoe andiko moja inalolihitaji, mhadhiri na mtu mmoja wa ofisi wakubaliane siku tatu au nne za kulipitia pamoja naye, na siku zilizobaki afanyie kazi chuoni au nyumbani. Hilo pia linampunguzia wa Kigoma gharama ya kupanga chumba Dar es Salaam. Ofisi isiyoweza kutoa hata saa hizo haina haja ya kupokea mwanafunzi, na idara iwe na ujasiri wa kuiondoa kwenye orodha. Majarida ya wanafunzi nayo yafufuliwe, sasa ambapo hayahitaji hata mashine ya chapa. Idara ya Makerere ya mwaka 1958 iliweza ikiwa na nyenzo chache zaidi.

Wengi wa vijana hawa bado watakuwa walimu, na mazoezi yao ya kufundisha yana kasoro ileile kwa sura nyingine. Mkaguzi hukaa nyuma ya darasa, akatazama andalio la somo, ubao na sauti. Mara chache hufungua madaftari kuona mwanafunzi-mwalimu amesahihishaje insha za kidato cha pili, ilhali mwalimu wa Kiingereza atatumia maisha yake kufanya kazi hiyo hasa. Mkaguzi na ayafungue.

Kwa wakuu wa idara, badiliko la kuanzia halihitaji bajeti wala kikao cha seneti. Ibadilishwe fomu ya ripoti ya fildi. Mahali palipoandikwa nidhamu, mahudhurio na ushirikiano, pabaki. Chini yake paongezwe sharti moja, kwamba mwanafunzi aambatanishe andiko alilolifanyia kazi, rasimu ya kwanza ikiwa na alama za msahihishaji pamoja na nakala ya mwisho iliyotumika, na asiye nayo asipewe alama. Ofisi zitalalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili zitaanza kuuliza mapema mwanafunzi anakuja lini, ili zimtafutie kitu cha kuandika.